Jicho la Kushoto

London
21 Januari 1973

Kwa Mjomba Ephantus,

Nawasalimu nyote hapo Free Area, Nakuru, wewe na Anti Rahab na watoto. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku haina adabu, inaingia hata ndani ya soksi mbili. Barua yako ya Krismasi ilifika tarehe tisa. Nilifurahi kusikia kwamba Mama amepona kifua, na kwamba duka lake pale Gilgil limetiwa mlango mpya.

Nimehamishwa wodi. Sasa ninauguza wagonjwa wa macho. Nilidhani nitakuta wazee wenye mtoto wa jicho, lakini wengi ni watu wa umri wako, hamsini na kidogo, wenye ugonjwa wa sukari. Kuna mashine mpya hapa inayotoa mwanga wa kijani, mwembamba kuliko uzi. Daktari anautumia kuchoma vidoa vidogo nyuma ya jicho. Wanauita leza.

Sasa niseme kilichonikalisha kuandika. Mama ameniambia sukari yako ilipatikana miaka minane iliyopita. Wewe uliniambia miwili. Tena mistari ya barua yako inapandana. Jina la Rahab umeliandika juu ya neno mahindi. Na ni wewe uliyenifundisha kuandika kwa rula, baba akiwa safarini na reli, ukanichapa mkono kila nilipopinda.

Je, unaona kama nyuzi, au masizi, yakielea mbele ya macho? Naomba unijibu hilo.

Mpwa wako,
Nekoye

---

Nakuru
11 Machi 1973

Kwa Nekoye, binti ya dada yangu,

Salamu zako zimefika na zimegawanywa kwa kila mtu. Sisi hatujambo. Mvua imechelewa, lakini watu wameshalima. Mama yako alikuja Jumapili, akatuletea viazi, akalalamika juu ya mlango huo huo mpya kwamba unabana. Anti yako amechaguliwa mweka hazina wa kina mama kanisani, na sasa anatembea kama mke wa chifu. Tajiri wangu, Harjit Singh, amenunua lori jipya la Bedford, na amenipa mimi kabla ya madereva wengine.

Kuhusu mistari: kalamu ilikuwa mbovu, na niliandikia juu ya goti ndani ya lori, tumekwama matope Keringet. Kuhusu sukari: miwili au minane, ni sukari ile ile. Anti yako anachemsha sindano kila asubuhi kama mtu anayechemsha yai, ananidunga, nakwenda kazini. Miaka kumi na tisa naendesha njia ya Olenguruone, nikipanda na mbolea na kushuka na pareto, na sijawahi kugonga hata kuku.

Mashine hiyo yako ya kijani ni ajabu. Wazungu hawaishiwi.

Jifunike vizuri.

Mjomba wako,
Ephantus

---

London
30 Machi 1973

Kwa Mjomba,

Namshukuru Mungu kwa habari za nyumbani, na umpongeze Anti kwa cheo chake. Hapa siku zimeanza kurefuka. Jana niliona jua saa nzima.

Umenijibu juu ya kalamu, hukunijibu juu ya macho.

Basi nieleze mimi. Sukari ikikaa mwilini miaka mingi inaharibu mishipa midogo ya damu nyuma ya jicho. Mishipa inavuja. Jicho likikosa damu safi linaotesha mishipa mingine mipya, dhaifu kama mizizi ya nyasi. Hiyo ndiyo hukatika ghafla na kumwaga damu ndani. Yote hayo hayaumi. Mtu anaona vizuri leo, na kesho anaona kiza. Wengi wa wagonjwa wangu walikuwa wakisema kalamu ni mbovu, au taa, au miwani.

Nenda Nairobi kwa daktari wa macho. Atakutia dawa ya matone ili mboni ifunguke, aangalie ndani. Haichukui hata saa moja. Na mpaka siku hiyo, Mjomba, tafadhali usishike usukani.

Nekoye

---

Nakuru
2 Septemba 1973

Kwa Nekoye,

Natumaini u mzima. Barua zako tatu zimefika. Sikuzijibu kwa sababu kulikuwa na mambo.

Mahindi yamekubali mwaka huu. Mama yako yuko salama.

Tarehe kumi na nne Julai, saa kumi alasiri, nikishuka kutoka Olenguruone na magunia ya pareto, ng'ombe alikatiza barabara karibu na Keringet. Nilimkwepa, nikamgonga mtu aliyesimama kando na punda wake. Anaitwa Kiplangat, ni mkulima wa huko. Mguu umevunjika mahali pawili. Yuko hospitali hapa Nakuru na anti yako humpelekea chakula. Polisi waliandika ng'ombe. Harjit aliniuliza mara moja tu, nikamwambia ng'ombe, akasema, "Shauri ya Mungu, Ephantus, pumzika." Bedford sasa linaendeshwa na Kosgei. Ni kijana mzuri, ila anabadilisha gia kwa hasira.

Nilikwenda Nairobi kama ulivyotaka. Daktari alinitia matone, akaniangalia kwa taa muda mrefu, jicho moja kisha jingine.

Akaniuliza, "Wewe ni dereva?"

Nikamwambia, "Nilikuwa."

"Ulikuwa mpaka lini?"

"Julai."

Akaandika. Karatasi yake nimeitia humu, iko kwa Kiingereza. Isome, halafu uniambie ni kiasi gani.

Ephantus

---

London
20 Oktoba 1973

Kwa Mjomba,

Pole sana. Mpe Kiplangat pole zangu pia, ingawa hanijui. Mimi nimepata baiskeli, nakwenda nayo kazini.

Nimesoma karatasi ya daktari. Inasema mishipa mipya imeota katika macho yote mawili. Jicho la kulia limeshavuja damu kidogo. Bado unaona, na hilo ni jambo kubwa. Lakini si la kungoja.

Nilimwonyesha daktari mkuu wa wodi yetu. Wanafanya utafiti juu ya leza, na mtu mwenye macho kama yako anakubaliwa. Matibabu ni bure, nami nitakuwa mkalimani wako. Nilimwandikia Harjit, naye amejibu kwamba tiketi ya ndege ni juu yake, kwa hiyo usianze kusema habari za nauli. Njoo kabla ya Machi. Lete sweta zote ulizo nazo.

Kuna mambo ya utafiti huo ambayo ni marefu kwa karatasi. Tutayaongea ukifika.

Uliandika kwamba ilikuwa saa kumi alasiri na ulikuwa unashuka kuelekea Nakuru. Basi jua lilikuwa mgongoni kwako, halikukuzuia kuona. Nimeirudia sehemu hiyo mara kadhaa. Sitauliza.

Nekoye

---

Nakuru
9 Juni 1974

Kwa Nekoye,

Nilifika salama nyumbani Aprili, na sijakuandikia tangu hapo. Nilikuwa nikingoja jicho litulie. Watu wote wanakusalimu. Wajumbe wa kanisa walikuja kunitazama kama mtu aliyetoka mwezini. Anti yako amewaonyesha picha yangu na njiwa wa London mpaka pembe zimekatika.

Nashukuru kwa wiki zile saba. Ulinipa kitanda chako ukalala kwenye kiti. Sikusema kitu kwa sababu niliona hutaki kitajwe.

Wakiniuliza juu ya mashine, nawaambia hivi: unaweka kidevu kwenye kibao, wanakutia ganzi ya matone, wanabandika kioo kwenye jicho lenyewe. Halafu kijani, kijani, kijani, kama mtu anayepiga picha mia tano mfululizo. Mara nyingine inadunga ndani ya kichwa kama sindano. Ukitoka, dunia nzima ni zambarau kwa muda. Siku tatu walinifanya hivyo. Usiku sasa sioni kitu, na pembeni pamepungua, lakini mbele pako wazi. Barua hii naiandika kwa jicho hilo walilolichoma, la kushoto. Angalia mistari.

La kulia linaona masizi. Yameongezeka.

Sasa nataka kujua jambo. Uliniambia, "Wanaanza na la kushoto." Mtu akianza hodi huingia. Siku ya mwisho nilimwonyesha daktari jicho la kulia kwa kidole. Alitikisa kichwa, akakutazama wewe. Wewe ulitazama viatu vyako. Kiingereza changu ni cha barabarani, lakini kutazama viatu ni lugha ya kila mtu.

Siku ile ya kwanza, alipofungua bahasha mbele yetu, daktari alisema nini? Andika maneno yake kama alivyoyasema.

Ephantus

---

London
17 Novemba 1974

Kwa Mjomba Ephantus,

Salamu kwako na kwa Anti. Mama ameniandikia kwamba mmevuna. Mimi nina afya.

Miezi mitano imepita. Nilianza kukujibu mara nyingi.

Daktari alifungua bahasha akasema: "Kura imechagua jicho la kushoto. Hilo tutalitibu. La kulia tutaliacha kama lilivyo, ili tuyalinganishe, kwa sababu bado hatujui kama mwanga huu unaokoa au unaharibu. Anaweza kukataa, hatutamkasirikia. Mweleze, halafu umuulize kama anakubali."

Mimi nikakugeukia nikasema, "Mjomba, wanaanza na la kushoto. Unakubali?"

Ukacheka ukasema, "Nimepanda ndege kuja kutibiwa, nikatae nini?"

Nikamwambia daktari umekubali.

Nilijua habari hii tangu Oktoba, nilipokuandikia uje. Niliogopa ukisikia kwamba wataacha jicho moja makusudi, utakaa Nakuru uyapoteze yote mawili. Na siku ile ya bahasha niliogopa utasimama, uchukue kofia yako. Nilidhani jicho moja ni bora kuliko hakuna. Lakini macho yalikuwa yako, na sikukuachia uchague.

Wiki iliyopita nilimwambia daktari. Kisha akasema ulikuwa na haki ya kujua tangu mwanzo, na kwamba unaweza kujitoa katika utafiti leo, jicho la kulia litibiwe mara moja. Mimi nimeondolewa wodi ya macho. Sasa niko kwa wazee wasioweza kutembea.

Sema neno moja tu, nitaleta tiketi mimi mwenyewe. Usichelewe, Mjomba. Nisamehe.

Nekoye

---

London
15 Februari 1976

Kwa Mjomba,

Nakusalimu, ingawa hujanijibu mwaka mzima na zaidi. Mama hunipa habari za kila mtu isipokuwa wewe. Nikimuuliza ananieleza bei ya sukari ya dukani.

Naandika kwa sababu matokeo yamejulikana. Amerika pia walikuwa wakifanya utafiti kama huu, mkubwa zaidi, na wameona kwamba macho yaliyochomwa yanaepuka upofu mara nyingi kuliko yale yaliyoachwa. Sasa hakuna jicho linaloachwa tena. Wagonjwa wote wa zamani wanaitwa kutibiwa jicho la pili. Daktari mwenyewe amelitaja jina lako.

Barua hii ni ya jambo hilo tu.

Nekoye

---

Nakuru
23 Mei 1976

Kwa Nekoye, mpwa wangu,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Sisi sote tuko. Mama yako ameongeza chumba nyuma ya duka na ameanza kutumia fimbo, ingawa anasema ni ya kufukuzia mbwa. Anti yako amestaafu hazina. Mvua mwaka huu si mbaya.

Mwambie daktari asisumbuke. Jicho la kulia lilizimika tarehe tatu Novemba 1974, wiki mbili kabla hujaandika ile barua yako. Nilikuwa nanyoa ndevu. Niliona kitu chekundu kikishuka polepole, kama wino ndani ya glasi ya maji, kisha kikatanda. Siku ile nilijifuta povu nikamwita Rahab, nikamwambia chai iwe ya rangi. Sikutaka kumwambia kabla ya chai. Daktari wa Nairobi alisema mwanga hauwezi kupita kwenye damu nyingi hivyo. Hata sasa naona huko mchana na usiku tu, zaidi ya hapo hakuna.

Barua yako ilipofika nilimpa Rahab aisome kwa sauti, maana jicho lililobaki lilikuwa limechoka. Alisoma mpaka pale ulipomwambia daktari nimekubali. Akarudia tena tangu juu. Mimi nikasema, "Huyu hataandikiwa tena kutoka nyumba hii."

Nililishika neno hilo mwaka mzima. Barua yako ya Februari ilipokuja, Rahab aliiweka juu ya meza akakaa mbele yangu. Akasema, "Baba Hiram, ng'ombe wako alikuwa wa rangi gani?"

Nikamuuliza, "Ng'ombe gani?"

"Ndilo ninalokuuliza. Nimempelekea yule mtu chakula miezi minne hospitalini. Ng'ombe gani?"

Kesho yake nilipanda Bedford na Kosgei mpaka Keringet, nikatembea kwa mguu hadi kwa Kiplangat. Nilimkuta akipalilia pareto, mguu mmoja umekuwa mfupi, anajikokota. Alinikaribisha vizuri, akanipa kigoda. Miaka ya njia ile ilinifundisha Kikipsigis cha kutosha, kwa hiyo nilimwambia kwa lugha yake. Nilimwambia hapakuwa na ng'ombe. Nilimwambia jua lilikuwa mgongoni kwangu na barabara ilikuwa kavu, na kwamba upande aliosimama yeye, kwangu mimi palikuwa na ukungu tu. Nilimwambia niliujua ukungu huo tangu mwaka mmoja nyuma, na niliendelea kuendesha.

Punda akaja akanusa kofia yangu, Kiplangat akamsogeza.

Akasema, "Mimi sikumwona ng'ombe. Lakini watu walinisimulia ng'ombe mpaka nikaanza kumkumbuka. Alikuwa mweusi." Kisha akasema, "Umenirudishia akili yangu. Mguu hukuurudisha."

Nikasema ndiyo.

Tulikwenda polisi pamoja siku ile, nikaandikisha upya. Kesi ilisikizwa Aprili. Nimepigwa faini na leseni imechukuliwa, ingawa ilikuwa haina kazi tena. Harjit alikaa mahakamani mpaka mwisho. Hakuja kunisalimu. Tangu siku hiyo hatujaongea, na sina la kumlaumu.

Lakini kuna jambo la siku ile ya kwanza sijalimaliza. Kiplangat alimwita mama yake alete maziwa. Ni mama wa miaka sitini, mnene kidogo, mwenye mzaha. Aliinamisha kibuyu akamimina mursik, maziwa yao ya mgando, kando ya kikombe, chini, kwa makini kabisa, akitabasamu. Kiplangat akacheka akasema siku hizi amezeeka. Mimi sikucheka. Nilimuuliza kama anakojoa sana usiku. Nilimuuliza kama miguu yake inawaka moto. Akasema, "Nani amekuambia?"

Nilimpeleka hospitali ya Nakuru, na sukari ilikutwa juu sana. Wakatuandikia kwenda Nairobi kwa yule yule daktari wangu. Anayo mashine ya mwanga sasa, ya zamani kuliko ile yenu, lakini kazi yake ni hiyo hiyo. Mama haongei Kiswahili. Kiplangat alikuwa hawezi safari, mguu ulikuwa umevimba. Kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi.

Daktari alimwangalia macho, akaniambia: "Mwambie mwanga huu hautamrudishia alichokwisha kupoteza. Unaweza kulinda kilichobaki, na unaweza pia kushindwa. Utamuuma. Baadaye hataona vizuri gizani. Muulize kama anakubali."

Mama alikuwa amekaa na mikono magotini, uso umenielekea mimi, si daktari. Alikuwa ananingoja mimi niseme. Nekoye, niliona jinsi ilivyo rahisi. Ningesema, "Anasema utapona," tungemaliza kabla ya saa sita, naye angenishukuru njia nzima. Nilikuwa na neno hilo mdomoni. Nilifikiri juu yako katika chumba kile. Ulikuwa na miaka ishirini na minne.

Nilimwambia yote, neno kwa neno, hata la kuuma.

Akauliza, "Wewe walikufanyia?"

"Jicho moja."

"Na lile jingine?"

"Liliachwa. Ndilo lililokufa. Hili ndilo ninalokuonea."

Akamshukuru daktari kwa mikono miwili, akajifunga shuka yake, akasema anakwenda nyumbani kwanza akaongee na watu wake. Hiyo ni wiki ya tatu sasa. Hajarudi. Rahab anasema labda ningemwambia nusu. Nilimjibu kwa ukali, halafu usingizi ukakataa, kwa sababu ningemdanganya angekuwa ameshatibiwa. Sijui. Wewe ulidanganya na mimi nina jicho. Mimi nimesema kweli na mama yule hana kitu. Ninajua tu kwamba nilikaa mwaka na nusu na hasira kwa ajili ya neno lile, wala sikuikasirikia mashine, na nisingependa mama huyo aje kukaa hivyo na mimi.

Kosgei anapanda Olenguruone Jumanne. Nimemwambia aniwekee nafasi mbele. Nitamweleza mama yule tena, mbele ya Kiplangat, tangu mwanzo. Akikataa, nitakunywa maziwa, nishuke. Nitapanda tena mwezi ujao.

Mama yako anasema una likizo Desemba na unaogopa kuja kwa sababu yangu. Njoo. Usinunue zawadi za uzito. Na siku utakapofika, utakuta watu wengi mlangoni. Ukija kuniamkia, simama upande wa kushoto.

Mjomba wako,
Ephantus